Stadi ilikatika mguuni mwangu, lawama ikamwangukia kijana wa pancha

Shikamoo Mama.

Mimi ni kijana wa miaka 24, fundi magari hapa Morogoro. Nafanya kazi kwenye gereji ya mjomba wangu, kaka yake marehemu mama. Mama alifariki nikiwa darasa la sita, na tangu hapo mjomba ndiye aliyenilisha na kunisomesha hadi kidato cha nne. Nilipofeli hakunisema hata neno. Alinipa ovaroli yake ya zamani akaniambia, "Kesho saa moja uwe gerejini." Kila ninachokijua kuhusu gari nimekipata kwake. Sisi ni Waluguru, unajua mjomba kwetu ni nani. Ndiyo maana naandika huku naogopa nisionekane simheshimu, ila moyo wangu umechoka.

Tuna mteja wa siku nyingi, mama mmoja mwenye Noah anayobebea watoto wa shule asubuhi na jioni. Miezi miwili iliyopita alileta gari tumbadilishie pedi za breki za mbele. Ilikuwa Jumamosi, giza linaingia, yeye amesimama pembeni anaangalia saa. Kazi ilikuwa yangu. Nilipofika kwenye kufunga tairi la mbele kulia nikafanya kama tunavyofanya siku zote: spana ya tairi, bomba la chuma la karibu mita moja limechomekwa kwenye mkono wake, halafu nakanyaga. Nati ya tano ikalia tak! Mguu ukaenda hadi chini. Stadi, ile bolti ya gurudumu ambayo nati ya tairi hufungwa juu yake, imekatika, kipande kimebaki ndani ya nati.

Nikamwonyesha mjomba. Alikiangalia kile kipande, akakitia mfukoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Weka kava." Nikamuuliza itakuwaje. Akasema, "IST ina stadi nne na inakwenda hadi Songea. Duka la spea limeshafungwa, Jumatatu tutamwita." Nikaweka kava juu ya rimu, yule mama akalipa, akashukuru, akaondoka.

Jumatatu hatukumwita. Jumanne vilevile. Nilipomkumbusha mjomba alisema kuna gari za watu zinasubiri. Ile Noah ilikuwa inapita mbele yetu kila asubuhi imejaa watoto, na mimi nikiiona nageuza uso.

Wiki tatu baadaye tairi lilelile likapata pancha. Yule mama alisimama kwa kijana anayeziba pancha chini ya mwembe, hatua kama mia mbili kutoka kwetu. Kijana akatoa kava ili afungue nati, akakuta nne. Akamwita mwenye gari amwonyeshe, kwa wema tu. Yule mama akapandisha: gari limetoka gereji juzi likiwa zima, nati ya tano iko wapi, na kwa nini stadi imekatika? Watu wakajaa. Yule kijana aliapa kwa jina la mama yake. Mwisho, ili mambo yaishe, alitoa shilingi 20,000 za kutengenezea.

Mama, zile 20,000 zililetwa kwetu. Mjomba akazipokea, mimi nimesimama pale na jeki mkononi. Akaniambia nibadilishe stadi.

Nilibadilisha. Nilifungua kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, nikaining'iniza kwa waya ili hozi ya breki isivutike, nikatoa diski, nikazungusha habu, kile kitovu kinachobeba tairi, hadi kwenye uwazi wa nyuma, nikaitoa ile stadi kwa nyundo. Mpya nikaipitisha kwa nyuma, nikapanga washa kadhaa mbele, nikaivuta kwa nati ya zamani niliyoigeuza mpaka kichwa kikakaa sawasawa kwenye habu. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama siku ile, na mikono ilikuwa inatetemeka.

Tangu siku hiyo watu wa bodaboda wanamtania yule kijana. Gari likisimama kwake wanasema, "Hesabu nati zako kwanza." Wateja wake wamepungua, naona kwa macho yangu. Wiki iliyopita alikuja kwetu kuazima spana. Akaniuliza, "Kaka, wewe ni fundi, eti stadi inaweza kukatika yenyewe?" Nikamjibu, "Inaweza." Akaondoka.

Nikisema ukweli, mjomba atapoteza mteja na jina, na ataniona msaliti. Ameahidi Desemba hii kunisimamia nipate sehemu yangu, na ndiye atakayenipeleka posa. Nilipogusia juzi alisema tu, "Yameshapita hayo." Nimeshaweka akiba ya 20,000, nimefikiria nimpe yule kijana bila maelezo. Lakini nikizishika naona kama nanunua usingizi. Nifanyeje, Mama?

Kijana wa Gereji, Morogoro


JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale, unapojibu "Inaweza." Hukusema uongo. Stadi inaweza kukatika yenyewe, fundi yeyote anajua. Lakini aliyekuuliza hakuwa anaulizia chuma. Alikuwa anatafuta mtu mmoja tu mtaani wa kumwambia kwamba yeye si mwizi, na bila kujua alikuja kwa mtu pekee aliyekuwa na jibu hilo. Nadhani hilo ndilo linalokunyima usingizi kuliko tukio lenyewe la Jumamosi.

Nikikuelewa vizuri, ulivunja kitu kwa bahati mbaya, ukakificha kwa agizo la mtu unayemheshimu kama mzazi, na ficho hilo likamtafuta mtu wa tatu asiyehusika likamkalia. Sasa unajiona uko kati ya mjomba wako na kijana wa pancha, kwamba kumwokoa mmoja ni kumzamisha mwingine. Nitakuja huko. Kuna jambo lingine nataka tuanze nalo, kwa sababu halisubiri.

Mimi si fundi. Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi gerejini, nikamweleza habari ya stadi bila kukutaja wala kutaja mji. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Zile nne nyingine alizikanyaga pia?"

Akanieleza hivi. Tairi halishikiliwi na stadi kama nguo inavyoshikiliwa na msumari. Nati ikikazwa huivuta stadi, nayo hunyooka kidogo sana kama mpira unaovutwa, na mvuto huo ndio unaoibana rimu kwenye habu isicheze. Ikivutwa kwa kiasi chake inabaki na nguvu ya kurudi. Ikizidishiwa inanyooka moja kwa moja, na kwa macho utaiona nzima. Magari mengi madogo ya Toyota nati zake za tairi hukazwa kwa nyutoni-mita 103 hivi. Akanifafanulia kwa mkono: ni kama kuning'iniza kilo 10 na nusu kwenye ncha ya spana ya mita moja. Kijana wa kilo 60 akisimama kwenye ncha ya bomba lako, amekaza karibu mara sita ya hapo.

Kwa hiyo, mwanangu, moja ilikatika, lakini nne zilipata mguu uleule, kisha zikabeba kazi ya mwenzao kwa wiki tatu. Na pedi za mbele hubadilishwa pande zote mbili. Tairi la kushoto ulilifunga kwa kutumia nini? Barua yako haisemi, ila inasema "kama tunavyofanya siku zote."

Na ile hoja ya IST nilimpelekea pia. Ni kweli zipo gari za stadi nne zinazofika Songea na kurudi. Zimeumbwa hivyo: nne zimegawana duara sawasawa, na gari lenyewe ni jepesi. Noah iliyopoteza moja kati ya tano haijageuka kuwa IST. Imebaki na pengo upande mmoja, rimu inabanwa kwa upogo, na stadi mbili zilizopakana na pengo ndizo zinazoumia zaidi. Sidhani mjomba wako halijui hili. Nadhani lilikuwa neno la mtu aliyechoka Jumamosi jioni, duka limefungwa, mteja anaangalia saa. Sote tumewahi kusema neno la namna hiyo kisha Jumatatu ikapita.

Kwa hiyo katika yote nitakayokuandikia leo, hili la stadi tisa za zamani zilizobaki kwenye matairi mawili ya mbele silihesabu kuwa la kuchagua. Gari hilo linabeba watoto wa watu kesho asubuhi. Lirudi gerejini wiki hii, lisimame mpaka kazi iishe, stadi za mbele zibadilishwe, nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, hata kama ni ya kuazima. Na mzee alisisitiza lirudi tena baada ya kilomita 100 hivi nati zikaguliwe, maana stadi mpya huwa inajikalisha.

Utamwambia nini mwenye gari anapouliza kwa nini umemwita? Hapo ndipo mambo ya chuma na ya moyo yanapokutana. Unaweza kumwambia "stadi zimechoka, tunazibadilisha kwa gharama yetu," na itakuwa kweli, kama "Inaweza" ilivyokuwa kweli. Siwezi kukulaumu ukianzia hapo ili watoto wawe salama kwanza. Ila jiulize utajisikiaje akikushukuru kwa uungwana wako wakati jina la yule kijana bado liko matopeni. Wewe ndiye unayeijua hali hiyo, mimi naikisia tu.

Sasa tuje kwa mjomba. Umeandika kwamba atakuona msaliti. Nimetafuta kwenye barua yako mahali aliposema hivyo, sikupaona. Alisema weka kava. Alisema Jumatatu tutamwita. Alisema yameshapita hayo. Hakuna mahali alipokukataza kusema. Inawezekana makatazo yalikuwa machoni ukayasoma vizuri, wewe unamjua na mimi simjui. Lakini inawezekana pia kwamba mtu aliyekulea, anayetaka umwone kuwa fundi mkuu na mtu mzima, ana aibu mbele yako, na aibu ya mtu mzima mara nyingi huvaa nguo za ukali. Kile kipande alikitia mfukoni. Sijui kwa nini, na sitajifanya najua.

Umesema ninyi ni Waluguru, kwamba najua mjomba kwenu ni nani. Najua kidogo. Kwenye ukoo unaofuata upande wa mama, mjomba ndiye anayewasemea watoto wa dada yake, mali na ndoa zao hupitia mikononi mwake. Kwa hiyo unapoogopa Desemba huogopi kukosa kazi tu, unaogopa kubaki bila wa kukusemea. Ni hofu yenye haki yake. Nikuulize tu: mjomba mwenye cheo hicho, je, hana pia wajibu wa kusimama mbele yako linapotokea deni? Ukienda kwake na kusema, "Mjomba, mguu ulikuwa wangu, naomba unisaidie kulibeba hili," huendi kumshitaki. Unamrudisha kwenye nafasi yake. Anaweza kukubali. Anaweza pia kupandisha, akasema umeota mapembe, akaacha kuzungumza nawe hadi mwaka mpya. Chagua saa, usimfuate akiwa chini ya gari na mafundi wengine wanasikia.

Wapo watakaokushauri umpitie mtu mzima mwingine. Kama bibi mzaa mama yako yu hai, neno lake kwa mwanawe lina uzito ambao lako halina, na amezoea kupoza mambo ya nyumba. Hatari yake ni kwamba mjomba akijua umempeleka kwa mama yake kabla hujamfuata mwenyewe, aibu inakuwa mara mbili, na hiyo huchukua muda mrefu kupoa. Mimi binafsi njia hii ningeiweka akiba, lakini koo hutofautiana.

Unaweza kuanza kwa yule kijana. Yeye ndiye aliyeumia, na ndiye aliyekuja kukuuliza. Kumwambia kabla ya wote kuna heshima ndani yake: asiisikie habari yake kutoka kwa watu wa bodaboda. Lakini ujue unampa nini. Ukishamwambia, habari si yako tena. Ana haki ya kukasirika, ana haki ya kwenda kwa yule mama siku hiyohiyo, na mjomba anaweza kuisikia barabarani kabla hujamkalisha chini. Usimwambie kisha ukamwomba akufichie. Ameshabeba siri yako wiki kadhaa bila kujua.

Kuhusu yule mama, nawe umemchukulia kwamba atakachofanya ni kuhama gereji. Anaweza kuhama, hilo kweli. Anaweza kulipeleka hadi kwa wazazi wa watoto, na gereji ikatikisika, na walaji wa gereji hiyo si mjomba peke yake. Lakini mfikirie kama mtu pia. Alimfokea mtu asiye na kosa mbele ya umati, akachukua 20,000 zake. Siku akijua, naye atakuwa na mzigo wa kutua pale chini ya mwembe. Na jina la yule kijana lilivunjwa hadharani na sauti yake. Wewe unaweza kueleza, mjomba anaweza kueleza, ila mtaa ulimsikia yeye.

Ndiyo maana zile 20,000 za akiba zinakuchoma mkononi. Zitunze, ni haki yake, na usimpe kidogokidogo. Lakini ukimpenyezea kimya kimya, atajua kuna mtu anajua, na hatajua ni nani. Fedha itarudi, "hesabu nati zako" itabaki. Sikwambii usimpe. Nakwambia uliyoandika wewe mwenyewe, kwamba unaona kama unanunua usingizi.

Na kunyamaza nako ni njia, tukuseme kwa jina lake, maana watu wengi huchagua njia hiyo na wala si wabaya. Utabaki na mjomba, utapata sehemu yako Desemba, na mtaa kweli utasahau kidogo kidogo. Utaendelea kupita hatua mia mbili kila asubuhi. Pima kama unaweza. Wapo wanaoweza, na wapo ambao baada ya mwaka mmoja wanabadili njia ya kwenda kazini.

Kuna jambo dogo la pembeni. Kama hofu kubwa ni kwamba bila mjomba wewe si kitu, ulizia VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi. Wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia gerejini kama wewe, ukapewa cheti. Sisemi ili umkimbie. Mtu anayejua ana mahali pa kuangukia huongea na mzee wake kwa utulivu zaidi, haongei kwa kiherehere cha mtu anayeomba asifukuzwe. Na namna ulivyoeleza kazi ile ya stadi, kalipa kwenye waya, washa, nati iliyogeuzwa, inaonyesha mtu mwenye mikono.

Niandikie tena gari likisharudi, hata mistari miwili, uniambie mlikuta nini kwenye zile tisa. Na unijibu hili, maana barua yako haikulisema: lile bomba, bado mnalitumia?